Koili haikuwa na makosa: Toyota iliyoanza kumisi baada ya sevisi ya nyumbani

Jina la mwenyewe, namba ya gari na esteti nimetoa. Amekubali niandike bora nisimfanye aonekane mjinga, na kusema ukweli si yeye peke yake alikosea kwa hii stori, hata mimi fundi wa waya za gari niko ndani.

Gari na mwenyewe

Ni Toyota steshen wagon, ile ya familia iliyojaa Nairobi, injini 1NZ-FE ya cc 1500, silinda nne. Kwa hii injini hakuna zile waya ndefu za plagi kama gari za zamani. Kila plagi iko na koili yake imekaa juu kama kofia, imeshikwa na bolti moja ya namba kumi, na kwa kichwa cha koili kuna konekta ya waya nne. Koili inachukua volti 12 za betri inazipandisha hadi maelfu ya volti ndio plagi iruke cheche. Kuhesabu silinda unaanza upande wa cheni ya injini, na kwa gari zetu za usukani wa kulia huo ni upande wa dereva. Nasema hivyo kwa sababu nimeona watu wakihesabu kutoka upande wa giaboksi, halafu ya tatu inakuwa ya pili na siku nzima inapotea.

Mwenyewe ni mtu wa ofisi, anafanya kazi Upper Hill, anaishi Eastlands. Si mtu wa kubahatisha. Gari ameinunua na kilomita kama elfu tisini, anaandika kila sevisi kwa daftari, na alikuwa amechoka kulipia kazi ambayo akisimama kando kuangalia anaona hata yeye anaweza.

Jumamosi ya kazi

Ilikuwa Julai, ile baridi ya asubuhi ya kufanya mtu apulize vidole. Saa mbili akafungua boneti hapo parking ya ploti, akafanya vitu vitatu: akabadilisha plagi zote nne, akaweka filta mpya ya hewa, akasafisha throto, ule mlango wa kuingiza hewa kwa injini, na dawa ya kupuliza.

Na alifanya kazi safi, wacha nimpe haki yake. Plagi alinunua duka analoliamini, iridiamu, akapima nafasi ya mdomo akapata milimita 1.1 kama inavyotakiwa. Akaingiza kila plagi kwa mkono kwanza, spana ya raketi ikaja mwisho. Injini ilikuwa imepoa kabisa, kama inavyofaa, kwa sababu kichwa cha injini ni alumini na ukitoa plagi ikiwa moto unaweza kuharibu thredi. Zile plagi kuukuu akazipanga kwa trei ya mayai, kila moja kwa shimo lake, na maka akaandika 1, 2, 3, 4. Hiyo trei utaiona tena huko mbele.

Konekta ya silinda ya tatu ilikataa kutoka. Alibonyeza, akavuta, ikakataa, akachukua bisibisi bapa akaichokonoa kidogo, ikasema *tak!* ikatoka. Baadaye akairudisha ikaingia vizuri tu, akawasha gari, ikanguruma laini kuliko mwanzo. Saa tano alikuwa amemaliza anakunywa chai.

Hiyo *tak* hakumwambia mtu yeyote kwa siku kumi na tatu.

Siku kumi na mbili za kubahatisha

Jumapili gari iko sawa, Jumatatu iko sawa. Jumanne jioni akiwa Jogoo Road kwa jam injini ikaanza kutetemeka kama mtu ana homa, gari haivuti, taa ya injini ikawa inawaka na kuzima, inapepesa. Akafika nayo nyumbani hivyo hivyo.

Jumatano kijana wa jirani akaja na kaskana kale kadogo ka blututhi, akasoma kodi, zile namba za makosa ambazo kompyuta ya gari huhifadhi, akasema ni P0303, yaani silinda ya tatu inamisi, zamu yake ikifika haichomi petroli, halafu akafuta kodi zote "tuone kama itarudi". Gari ikakaa poa hadi Alhamisi asubuhi.

Alhamisi akapeleka kwa fundi wa kwanza. Huyo akafanya ile kitu kila fundi hufanya, na si mbaya: akatoa koili ya tatu akaweka ya pili, ya pili akaweka ya tatu. Nia ni kwamba kama koili ni mbovu, ugonjwa utahama nayo uende silinda ya pili. Akawasha, gari ikanyooka kabisa. Hakuna kumisi ya pili, hakuna ya tatu. Akaambiwa "ilikuwa haijakaa vizuri bosi, nenda," akalipa elfu moja akaenda.

Jumamosi ikarudi. Silinda ya tatu, ileile. Fundi akatoa plagi ya tatu akaiona ni nyeusi kidogo na inanuka petroli, zile zingine kavu, akasema basi ni injekta (kile kifaa cha kupulizia petroli) inavuja, tushushe injekta tusafishe. Hapo mwenyewe akagoma, na alifanya vizuri kugoma. Silinda ambayo haichomi lazima plagi yake inuke petroli, petroli inaingia lakini hakuna moto wa kuimaliza. Hiyo harufu inakuambia kwamba moto haukuwaka, haikuambii kwa nini.

Jumatatu akashuka Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, akanunua koili ya eks-Japani kwa 3,500, jioni akaifunga mwenyewe silinda ya tatu. Gari ikawa tamu. Jumatano asubuhi ikarudi. Sasa akawa na uhakika ameuziwa koili feki, na alikuwa tayari kwenda kupigana na muuzaji. Mke wake ndiye alimwambia, kabla hujaenda kugombana na watu wa Grogan, tafuta mtu wa umeme aangalie. Alhamisi akafika kwangu.

Nilivyoipokea, na nilivyoanza vibaya

Mimi kazi yangu ni waya za magari, niko na kabanda karibu na Outering. Gari ikaingia, nikamuuliza swali ambalo sisi mafundi huuliza kila siku na kasauti fulani: "Nani aliguza hii gari?"

Akasema, "Nilibadilisha plagi tu, fundi."

Basi. Hakusema throto, hakusema filta, hakusema *tak*. Na mimi sikuuliza zaidi, kichwani nikawa nishasema huyu ni wale wa kujifunza na simu.

Nikaweka skana, hakuna kodi, alikuwa amezifuta tena iliporudi Jumatano na leo ilikuwa haijapepesa bado. Nikaiwasha hapo, nikaiacha ikinguruma dakika arobaini, nikaikanyaga, nikaizima, nikaiwasha tena. Haimisi. Nikamwambia aniachie, na ndani yangu nikawa nalaumu petroli. Ndio hapo nilikosea: nilikuwa napima imesimama gari ambayo inagonjeka ikitembea.

Saa nane nikaketi nikafikiria vizuri. Nikamwita kwa simu nikamuuliza tena, safari hii pole pole kama mtu anayetaka kujua: hiyo Jumamosi ulishika nini na nini, tangu ulipofungua boneti hadi ulipoifunga? Akanitajia vitu vitatu. Nikavipanga hivi.

Throto na filta zinalisha hewa silinda zote nne. Ukisahau kukaza paipu ya hewa, au ukiacha konekta ya sensa ya hewa haijaingia, injini nzima inaumwa, utaona P0300 ya kumisi ovyo au P0171 ya mchanganyiko kukosa petroli ya kutosha, au kodi ya ile sensa yenyewe. Haiwezi kuchagua silinda ya tatu peke yake iache zingine zikicheka. Hizo mbili nikaziweka kando bila kugusa kitu.

Injekta ya tatu au kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda? Nikamwambia aniletee zile plagi kuukuu kama hajatupa. Jioni akaja na trei ya mayai. Nne zote zilikuwa na rangi moja, hudhurungi hafifu iliyoelekea kijivu, kavu, hata ukizichanganya huwezi kujua ipi ilitoka wapi. Zilikuwa zimekaa ndani ya injini maelfu ya kilomita, na kama silinda ya tatu ingekuwa na shida ya zamani plagi yake ingeonyesha. Kwa hivyo kabla ya ile Jumamosi injini ilikuwa nzima, na shida iko kwa kile mkono wake ulishika: plagi mpya, koili, ama konekta.

Barabara ya marram

Ijumaa asubuhi nikamweka kijana wangu aendeshe, mimi nikakaa kando na skana imeshikwa mkononi, tukaingia ile barabara ya vumbi nyuma ya godauni iliyojaa mashimo. Shimo la nne au la tano, gari ikashtuka, ikaanza kutetemeka. Nikasoma kodi: P0303, na chini yake P0353.

Hapo moyo ukatulia. Hizi kodi mbili zinafanana kwa macho lakini zinasema mambo tofauti kabisa. P0303 ni kompyuta inasema kwamba kila zamu ya silinda ya tatu ikifika, mzunguko wa krenki, ule mhimili mkuu wa injini, unapungua kasi, maana haisukumwi. Haijui kama ni petroli, cheche ama hewa. P0353 ni sakiti ya koili ya tatu yenyewe. Kwa hizi Toyota kompyuta hutuma amri kwa koili, "piga cheche", na koili hurudisha jibu kwa waya mwingine, "nimepiga". P0353 ni kompyuta imeita na hakuna aliyejibu. Plagi iliyopasuka kwa kawaida hailetei hiyo kodi, maana koili bado inajibu hata kama cheche inaruka mahali pabaya. Injekta chafu hailetei hiyo kodi. Na kwa kuwa koili tatu tofauti zilikuwa zimepita hapo namba tatu, hatukuwa tena na sababu ya kulaumu koili.

Tukarudi, nikafungua boneti injini ikiwa inanguruma, nikashika ile konekta kwa vidole viwili nikaisukuma kando, kidogo tu. Injini ikakata kama imekwama kwikwi. Nikaachilia, ikarudi. Nikasukuma, ikakata. Nikajaribu namba moja, mbili na nne: hakuna kitu. (Ukijaribu hivi shika konekta ya waya peke yake, na using'oe koili injini ikiwaka, ile volti si ya kuchezea.)

Nikazima, nikachomoa, nikaileta kwa mwanga. Ule ulimi mdogo wa plastiki unaofunga konekta ulikuwa umevunjika kwenye shina, na pale ulipovunjika plastiki imegeuka nyeupe kama mkunjo wa kadi. Konekta ilikuwa inaingia, inakaa, lakini hakuna kinachoishika. Kila tuta inarudi nyuma nusu milimita. Nikamulika na tochi chini, kati ya kava ya vali na mfereji wa koili, nikatoa kwa kibano kipande cheusi cha ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Kilikuwa hapo siku kumi na tatu, na injini yote ilikuwa imefunguliwa na watu wawili.

Mwenyewe alipokiona alinyamaza kidogo halafu akasema, "Ah. Hiyo ilisema *tak*."

Halafu akatoa simu, akarudi nyuma kwa picha, akanionyesha skrini ya ile skana ya jirani aliyopiga Jumatano ya kwanza kabla kijana hajafuta. Kodi mbili. P0303 na P0353. Kijana alisoma ya kwanza akaachia hapo, naye akabaki na picha bila kuiangalia tena.

Matengenezo

Siku hiyo nilimfungia na kebo tai, konekta imevutwa ikakaa kwa koili, ili aende nyumbani. Hiyo si dawa, joto la injini linaikausha nayo inakatika. Jumatatu nikapata konekta nzima iliyokatwa na waya zake kutoka kwa gari ya mabreka, wale wa kukata gari wauze vipuri, 600. Waya nne nikakata na kuunga mmoja mmoja, nikimaliza huu ndio nashika mwingine, kwa sababu ukikata zote kwa pamoja halafu ukachanganya waya wa amri na waya wa jibu utaanza kutafuta ugonjwa ulioutengeneza mwenyewe. Nikalehemu kila kiungo, nikavika mpira wa kubana kwa joto, na viungo nikavipishanisha visikae mahali pamoja vikafanya fundo.

Nikarudisha koili yake ya kwanza kabisa, ile ya tangu Japani. Plagi ya tatu nikaikausha nikairudisha, haikuwa na ufa. Tukarudi marram na kijana, mara tatu, hakuna kitu.

Sasa ni miezi minne. Haijamisi, na kodi ya kataliti (kile kisafisha moshi kwa ekzosi), P0420, haijatokea, na hiyo ndiyo nilikuwa naogopa. Jumla alitumia: elfu moja kwa fundi wa kwanza, 3,500 ya koili, 600 ya konekta na yangu 2,500 ya kazi. Ile koili ya Kirinyaga Road haikuwa feki hata kidogo. Iko kwa kisanduku cha dashbodi imefungwa na gazeti.

Wapi palishika na wapi paliteleza

Kitu kilichotupoteza zaidi ni ile njia ya kubadilishana koili, na inauma kusema kwa sababu ni njia nzuri na mimi huitumia kila wiki. Shida ni kwamba huwezi kuhamisha koili bila kuchomoa konekta na kuirudisha. Kila mtu aliyejaribu alikuwa anasukuma ile konekta ndani hadi mwisho, na hiyo ndiyo ilikuwa inaponya gari kwa siku moja au mbili. Fundi wa kwanza alidhani ni kukaa kwa koili, mwenyewe akadhani ni koili mpya. Wote waliona matokeo ya kweli wakayapa sababu ya uongo. Kungekuwa na jaribio moja la kutangulia, la bure: chomoa konekta, irudishe vilevile, usibadilishe chochote, endesha barabara ileile. Ikipona kwa muda halafu irudi silinda ileile, umeshajua ni wapi. Na hata bila hilo, ugonjwa uliporudi namba tatu na koili ya namba mbili iko juu yake, hiyo ilikuwa jibu tayari, fundi akaliruka akaenda injekta.

Kufuta kodi kabla ya kuandika zote ni tabia mbaya tu, sina la kuongeza.

Kuendesha na taa inapepesa pia haikuwa sawa. Taa ikiwaka imetulia unaweza kufika kwa fundi taratibu, lakini ikipepesa kompyuta inasema petroli isiyochomeka inaweza kuunguza kataliti huko chini. Kwa mzunguko wa 3,000 kwa dakika silinda moja hupiga mara 25 kila sekunde, sasa hesabu ni petroli ngapi inapita mbichi kutoka Jogoo Road hadi nyumbani. Alibahatika.

Upande wa mazuri, trei ya mayai. Sijawahi kuona mteja amefanya hivyo, na ilinifutia nusu ya magonjwa kwa dakika moja. Na kule kugoma kushusha injekta kulimwokolea pesa.

Kuhusu ule ulimi, plastiki iliyokaa juu ya injini miaka zaidi ya kumi inakuwa kama biskuti, gari yoyote, na asubuhi ya baridi ni mbaya zaidi. Konekta usiivute ikiwa imebana. Isukume kwanza ndani kuelekea koili, loki ilegee, ndio ubonyeze kwa kidole gumba na kuitoa. Ikikataa, sukuma tena. Bisibisi wacha kwa boksi.

Na lile swali langu. "Nani aliguza hii gari?" si swali, ni kejeli, na mtu akikejeliwa anakupa jibu fupi kabisa atakaloweza. Yule jamaa alikuwa anaikumbuka ile *tak* vizuri, aliificha kwa sababu alijua nitamcheka, na ningemcheka kweli. Siku hizi nauliza tofauti: kitu gani kilikataa kutoka, kitu gani kilianguka, kitu gani kilibaki mkononi? Wiki jana mama mmoja akanijibu hapo hapo, akafungua mkoba akatoa klipu ya paipu ya hewa, akaniwekea kwa meza. Hiyo gari sikuhitaji hata skana.